Sifa za Difu ya 4.7

Wapo waliosifu jahazi, wapo waliosifu punda. Mimi leo naisifu difu: lile bonge la chuma lililovimba katikati ya ekseli, limejaa oili ndani na tope nje, ambalo mwenye gari hulikumbuka siku linapoanza kulia. Na si difu yoyote tu. Naisifu difu ya 4.7 ya Land Rover yangu fupi, Series III, iliyobaki mahali pake baada ya kila mtu mwenye akili timamu kuniambia niitoe. Nitasifu kwa kiasi, maana mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Kisa chenyewe kilianza injini ya petroli ilipochoka. Nikashuka Nairobi, Barabara ya Kirinyaga, ile ambayo wazee wangali wanaiita Grogan, nikanunua TD27, dizeli ya Nissan ya sentimita za ujazo 2,663. Muuzaji aliapa kwamba imeshuka melini juzi kutoka Japani. Tulipoiosha hapa Kitengela, sarafu ya shilingi kumi yenye sura ya Moi ikadondoka kutoka kwenye masizi. Injini ilikuwa imestaafu kutoka kwenye matatu ya abiria 14.

Fundi akachongesha pleti ya kuiunganisha na giaboksi ya zamani, akahamisha vishikio vya injini, akaniagiza niende NTSA, mamlaka ya usafiri, nambari ya injini ibadilishwe kwenye kumbukumbu za gari, kisha akatangaza kwamba kazi imekwisha. Ni kweli, gari liliwaka. Lakini kati yetu hakuna aliyekuwa ameuliza swali ambalo mtu huuliza kabla ya kutoa hata shilingi: gurudumu likizunguka mara moja, injini hii inataka kuzunguka mara ngapi?

Jibu tulilitafuta kwa chaki. Tuliinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, tukaweka mawe kwenye mengine, gia ikaachwa huru na breki ya mkono ikaachiliwa, kwa sababu breki ya mkono ya Land Rover hii hushika propela, ule mhimili unaopeleka mzunguko kwenye difu, wala haigusi magurudumu. Kijana anayejifunza ufundi akaingia chini kwa mgongo, akachora alama kwenye propela. Mimi nikazungusha tairi mara mbili kamili, polepole. Ni mara mbili kwa sababu gurudumu la pili limekanyaga chini, na hapo difu humpa aliye hewani mzunguko maradufu. Kijana akahesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, nne. Kimya kidogo. Kisha, "Na karibu robo tatu, mzee."

Hiyo ndiyo 4.7 yenyewe, iliyopimwa kwa chaki na jicho.

Sasa shika kalamu. Gia ya nne ya giaboksi hii hupitisha mzunguko jinsi ulivyo. Transifa, giaboksi ndogo iliyo nyuma yake, inazidisha kwa 1.148. Zidisha kwa 4.7 upate 5.4 hivi. Tairi ya 7.50-16 husogea kama mita 2.4 kila inapozunguka. Kwa hiyo ukienda kilomita 80 kwa saa, injini inazunguka mara 3,000 kwa dakika, na ukitaka 100, mara 3,750. Petroli ingeimba. Dizeli kama hii, ambayo nguvu yake ya kuvuta imekaa juu kidogo ya mizunguko 2,000, ikifikishwa huko inalalamika tu na kunywa. Ndiyo maana wajuzi huvua difu hizi na kuweka za 3.54, za Range Rover ya zamani. Hapo kilomita 100 inapatikana kwa mizunguko 2,820, injini inatulia, abiria wanasikilizana.

Ushauri mzuri huo. Nitaje sasa fadhila za kuupuuza.

Kwanza, utiifu wa sheria. Tarehe 1 Februari 2004 kanuni za Waziri John Michuki zilianza kutumika, matatu zikafungwa vidhibiti mwendo visivyoruhusu zaidi ya kilomita 80. Tangu hapo, kuvichezea vidhibiti hivyo kumekuwa taaluma kamili. Difu yangu haichezewi. Haina waya wa kukata wala fyuzi ya kuchomoa. Injini iliyotumia ujana wake kukwepa kidhibiti imekutana uzeeni na meno ya chuma ambayo hayapokei kitu kidogo. Kama Michuki angeijua 4.7, angeokoa karatasi nyingi.

Pili, ukweli. Spidomita ya gari hili huchukua mwendo wake kwenye transifa, kabla ya difu. Weka 3.54 uone: unakwenda 100 na mshale unakuapia ni 75. Mimi similiki kitu cha kunidanganya mbele ya polisi.

Tatu, na hapa nasema bila mzaha, kuna mteremko wa Kona Baridi. Ukitoka Kitengela kupitia Isinya hadi Kiserian, barabara ya Magadi hupanda kwenye bega la milima ya Ngong, kisha inaporomoka kwenda Ziwa Magadi, lililo kama mita 600 tu juu ya usawa wa bahari. Wengine hushuka huku breki zao zikinuka kama mpira uliotupwa jikoni. Mimi natia gia ya tatu, naondoa mguu kwenye mafuta, na gari linateremka likinguruma kama mzee anayeshuka ngazi huku ameshika ukuta.

Tena mvua ikinyesha. Udongo mweusi wa Kitengela, ule ambao mafundi wa ujenzi huuita blakikotoni, ukilowa hautofautiani na sabuni. Nikiweka gia ya kwanza na transifa ya chini, yaani 3.68 mara 2.35 mara 4.7, injini inazunguka mara 40 gurudumu linapozunguka mara moja. Kwa mizunguko 1,000 naenda kilomita tatu na nusu kwa saa. Watu wanaotembea kwenda kanisani wananipita, tunasalimiana, wananiuliza hali ya watoto. Lakini tairi hazitelezi, na magari mapya yenye viti vya ngozi yamezama kando, wenyewe wakitafuta nambari ya trekta.

Haki isemwe. Barabara ya Namanga, ukishaipita Isinya, malori ya saruji yaliyojaa hadi juu hunipita na kuniachia moshi. Mama watoto amejifunza kusoma midomo. Safari ya kwenda mnadani Bissil kununua mbuzi wawili tunaianza alfajiri, na tukifika wale wanono wameshapakiwa kwenye pikapu za watu wenye gia ya tano. Mafuta nayo, tuyaache.

Ukiniuliza wewe unayepanga kubadilisha injini, nitakwambia uanze nyuma ya gari, urudi mbele. Pima tairi, hesabu difu kwa chaki, soma giaboksi, na mwishoni kabisa uende Grogan na hesabu yako mfukoni. Usinunue injini kwanza kisha ukaomba vyuma vingine viizoee. Na ukibadilisha difu ya nyuma, badilisha na ya mbele. Ukiziacha zitofautiane, siku utakapotia magurudumu yote manne kwenye ardhi kavu zitavutana hadi kitu kivunjike.

Difu za 3.54 ninazo, ya mbele na ya nyuma. Zimefungwa kwa gunia lenye grisi chini ya kitanda cha wageni, na kila Desemba naahidi kuzifunga. Anayezitaka aje tuongee. Nauza zote mbili pamoja, moja siuzi.