Embe Limeuzwa Likiwa Ua

Mfyuu! Maembe ya mjini siku hizi yanatia hasira. Ganda la njano, linang'aa, bei imechangamka. Ukilipasua kwa kisu, ndani jeupe, gumu, lina ukakasi unaokunja uso. Basi hapo kijiwe kizima kinageuka mahakama. Huyu anasema mbegu za zamani zimekwisha. Yule anasema ardhi imechoka. Wa tatu anamgeukia mama wa watu aliyekaa na beseni lake juani tangu asubuhi, anamwita tapeli.

Jamani, mama wa watu tumuache. Juzi nilimsogelea nikamwamkia, nikamuuliza, "Mama, haya yamevundikwa kweli?" Akanijibu bila kuficha: "Mwanangu, mimi nayachukua sokoni yakiwa ya njano tayari. Nikichukua ya kijani nikae nayo nyumbani mpaka yaive, leo wanangu watakula nini?" Hana kosa. Ubaya wa lile embe haukuanzia kwenye beseni lake. Ulianza miezi minne mitano nyuma, siku mwembe ulipochanua na mwenye mti akauza maua.

Ndiyo, maua! Wa Mkuranga na wa Muheza hawatashangaa nikisema hivyo. Kipupwe kinaingia, mvua zimekatika, kuanzia Juni miembe mingi inaanza kutoa maua. Anakuja mnunuzi na pikipiki yake, anauzunguka mti, anainua macho juu, anataja bei. Hataji ya kilo wala ya tenga, anataja bei ya mti mzima. Fedha inahesabiwa pale pale kivulini, wanapeana mikono. Kuanzia dakika hiyo mwenye shamba ni mlinzi wa mali ya mtu mwingine, ndani ya shamba lake mwenyewe, na malipo ya ulinzi hakuna.

Tusikimbilie kumwita mjinga. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Julai shule zinafungua muhula wa pili, madaftari na viatu vinadaiwa. Mgonjwa yuko hospitali ya wilaya, bati limetoboka na vuli haiko mbali. Ukitazama huku na huku, kitu pekee kinachoweza kugeuka fedha jioni ile ile ni yale maua. Sasa afanye nini?

Na mnunuzi naye simnyimi haki yake, maana anabeba hatari kweli kweli. Kishada kimoja cha maua ya mwembe kina vijiua mamia, mara nyingine maelfu, na vinavyofika kuwa embe lililokomaa havifiki hata kimoja katika mia. Mvua ikinyesha siku si zake, maua yanaoza. Ubwiri unga ukiingia, yanakauka na kupukutika. Kwa sababu hiyo anaiteremsha bei mpaka chini kabisa, apate pa kuangukia mti ukigoma. Lakini mti usipogoma, faida yote inamfuata yeye.

Tupige hesabu ya kijiweni. Tuseme mwembe mmoja mkubwa umezaa maembe 800, na maua yake yaliuzwa kwa shilingi 20,000. Gawanya: kila embe shilingi 25. Sasa embe hilo limefika kwa mama wa beseni, linauzwa shilingi 500. Tuseme hata nusu yameozea njiani. Maembe 400 yaliyobaki yanaingiza shilingi 200,000. Humo mna gari, ushuru, vibarua, dalali na riziki ya mama. Sawa, wote wamefanya kazi. Lakini mtu ambaye babu yake alichimba shimo na kumwagilia mche kaambulia fungu moja katika kumi! Mfyuu!

Msidhani hasara inaishia kwa mkulima. Inatufuata sisi walaji mpaka mezani. Maembe ya mti mmoja hayakomai siku moja. Ya upande huu yanatangulia, ya upande ule yanachelewa. Lililokomaa lina dalili zake: mabega yamenyanyuka kupita shina la kikonyo, mashavu yamejaa, kijani cha ganda kimepoa. Mwenye mti anayejua kazi anapita na ngoeko yake, anaangua yaliyo tayari, anayaacha na kipande cha kikonyo ili utomvu usilimwagikie ganda likaungua. Baada ya siku chache anarudi tena. Lakini mwenye lori atarudije mara nne kutoka Dar es Salaam? Anataka mti mmoja, siku moja, basi. Vijana wanapanda, wanatikisa matawi, maembe yanaporomoka yote, yaliyokomaa na machanga, yanajazwa tenga moja.

Embe lililokomaa hata likiangukia mikononi mwako la kijani, usiwe na shaka nalo. Bibi zetu walilivundika kwenye mtungi au ndani ya majani makavu ya mgomba, wakaweka na ndizi mbivu pembeni. Tunda linaloiva hutoa hewa iitwayo ethilini, na hewa hiyo ndiyo inayowaamsha wenzake. Wanga uliojaa ndani unageuka sukari, harufu inatoka yenyewe, mpaka jirani anapiga hodi. Lakini embe changa halijajaza wanga huo. Ulivundike utakavyo, litanywea na kukunjamana, sukari itoke wapi?

Hapo ndipo kabaidi inapoingia. Ni yale mawe ya kijivu ya mafundi wa kuchomelea vyuma. Yakipata unyevu yanatoa gesi, na gesi hiyo inalidanganya ganda ligeuke njano upesi upesi, huku nyama ya ndani ikibaki mbichi. Kabaidi ya viwandani inaweza kuwa na mabaki ya aseniki na fosforasi, na hivyo si vitu vya kuweka karibu na chakula cha mtoto. Wapo wanaoitumia wakijua wazi wanachofanya, na hao nawaambia wazi: mnatukosea. Lakini mnunuzi asingekuwa na tenga la maembe machanga mkononi, angeihitaji kabaidi ya nini?

Kuna na habari ya nzi. Mwaka 2003 nzi wa matunda kutoka Asia, wataalamu wanamwita Bactrocera dorsalis, alionekana Kenya, na mwaka huo huo akaonekana hapa kwetu. Jike hutoboa ganda na kutaga ndani. Funza wanakula nyama, tunda linaanguka, funza wanaingia ardhini na kutoka wakiwa nzi wapya. Kinga ya kwanza haihitaji hata senti: okota kila embe lililoanguka, lizike nusu mita kwenda chini. Haya niambieni, nani ataokota? Mwenye shamba anasema, nimeshauza, si mali yangu. Mnunuzi yuko zake mjini. Maembe yanaoza chini ya mti mpaka shamba linanuka, na nzi wanaongezeka msimu hadi msimu. Majirani zetu Kenya yaliwakuta makubwa: mwaka 2014 walilazimika kusimamisha wenyewe kupeleka maembe Umoja wa Ulaya kwa ajili ya nzi hao, na hawakurudi mpaka 2021. Miaka saba soko limefungwa!

Kila mara tukilizungumza hili, anatokea mtu anasema dawa ni viwanda vya juisi. Vije, tena vingi, navitaka mno. Lakini kiwanda kikifika kitanunua embe kwa nani? Kitanunua kwa yule yule aliyenunua maua. Mwenye mti atabaki na shilingi zake 25, tofauti ni kwamba sasa atakuwa anaangalia lori lenye rangi mpya. Wa Muheza wanalijua hili kupitia machungwa. Malori yanakuja mpaka kutoka Kenya, wanunuzi wapo, soko lipo, na bado mkulima aliyepokea fedha mapema hana sauti ya bei.

Mfano wa kujifunza tunao hapa hapa nyumbani. Kule Mtwara korosho ilianza kuuzwa kwa stakabadhi ghalani msimu wa 2007/08. Malalamiko hayakosekani, lakini mzigo unapimwa kwa kilo, unakusanywa pamoja, unaingia mnadani. Kweli, korosho ni kavu, inangoja ghalani miezi. Embe bivu halingoji. Kwa hiyo ghala tuwaachie wenye korosho, sisi tuchukue mambo mawili: kuuza kwa pamoja na kupima kwa kilo. Mnunuzi anayelipa kwa kilo ya embe lililokomaa atalikataa changa mwenyewe, bila kusimamiwa na askari.

Lakini kilo haina maana kama maua yameshauzwa. Tatizo letu, ukilitazama vizuri, ni fedha ya kumvusha mkulima kutoka Julai mpaka Novemba. Miezi minne tu! Na fedha hiyo haitoki mbinguni. Vikoba vimejaa vijijini, na vingi vinagawana mwisho wa mwaka, maana yake katikati ya mwaka mfuko una kitu. Watenge fungu la msimu wa maua: mwenye miti akope Julai, arejeshe Desemba na Januari maembe yakiuzwa. Halmashauri nazo zina mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Katika wilaya za maembe, kwa nini kikundi cha kina mama wenye miti kisiipate wakati maua yanatoka, badala ya kusubiri karatasi mpaka msimu umepita?

Na sisi wa mjini tuna sehemu yetu. Acheni kununua kwa macho. Linuse embe pale kwenye kikonyo: lililoiva kwa haki yake linanukia, la kabaidi linanyamaza. Dodo la kijani lenye mabega yaliyojaa lisikutishe, lipeleke nyumbani ulivundike mwenyewe siku tatu nne. Mama wa beseni akijua kwamba tunanunua la kijani lililokomaa, atalidai sokoni, na sokoni watalidai shambani.

Tumezoea kuambiana kwamba mvumilivu hula mbivu. Mkulima wa embe ni mvumilivu, anausubiri mti wake mwaka mzima, lakini mbivu halili wala haliuzi. Uvumilivu wake hauna wa kumpa mkono miezi minne. Kwa hiyo vikao vya vikoba vifanyike Mei, kabla pikipiki hazijaanza kupita, na ajenda iwe hiyo moja: mwaka huu hakuna mti wa mwanachama unaouzwa ukiwa na maua.