Namna ya Kulinyamazisha Gitaa Lako Nyumbani

Kwanza hakikisha gitaa lako halina tatizo la maana. Gitaa bovu halifai kwa kazi hii, maana ukilifungua na kulifunga likabaki bovu, hakuna atakayejua ulivyohangaika. Linalofaa ni lile linalolia vizuri ila linavuma kidogo unapoacha kupiga. Mvumo huo ndio utakaokupa ruhusa ya kuacha mazoezi kwa muda mrefu, na wenzako wa bendi wakiuliza mbona solo hazijakaa sawa, utawajibu kwamba bado unashughulikia mitambo.

Tuchukue Stratocaster, ya Fender yenyewe au mmoja wa ndugu zake wengi wa bei ya chini, kwa kuwa mpangilio wa ndani haujabadilika sana tangu 1954. Ina pikapu tatu, na kila pikapu ni sumaku na waya mwembamba kuliko unywele, uliozungushwa mara maelfu. Kitu cha namna hiyo kinanasa mtikisiko wa nyuzi. Kinanasa pia transfoma ya amplifaya, chaja ya simu, taa za kubana matumizi na friji inayojiwasha ukutani. Umeme wetu ni wa hezi 50, na G iliyo jirani nayo ni hezi 49, kwa hiyo huo mvumo wako hauko hata kwenye ufunguo. Wamarekani wana hezi 60, zinazoangukia kati ya B-flati na B. Tusiwaonee wivu.

Dawa ya mvumo ilipatikana zamani. Seth Lover, fundi wa Gibson, aliweka koili mbili zinazopingana, mvumo wa hii ukafuta mvumo wa ile, na ombi la hataza likapelekwa 1955. Ungeweza kununua gitaa la aina hiyo. Lakini ungebaki na kisingizio gani?

Fungua basi. Bamba la plastiki la mbele lina skrubu kumi na moja, na utakaporudisha utakuwa na kumi. Waoga hupiga picha kwa simu kabla ya kuchomoa waya wowote. Wewe una kumbukumbu nzuri.

Sasa shaba, ya kukinga pikapu na kelele. Unahitaji utepe wa shaba wenye gundi upande mmoja, na gundi yenyewe iwe inayopitisha umeme. Muulize muuzaji kama inapitisha. Atasema ndiyo, kwani muuzaji gani aliwahi kuulizwa akasema hapana? Kata vipande viwili, vibandike kimoja juu ya kingine, upime kwa mita. Isipolia, itakubidi utie tone la lehemu kwenye kila kiungo. (Wasomaji wa Lubumbashi na Kolwezi mtuvumilie: mkoa wenu mzima uliitwa Shaba kuanzia 1971 hadi 1997, na huenda utepe mtakaoupata dukani umezunguka nusu ya dunia kabla ya kurudi kwenu.) Bei ikikushinda, chukua karatasi ya aluminiamu ya jikoni. Inakinga vilevile, ila lehemu ya kawaida haishiki kwenye aluminiamu, kwa hiyo waya wa ethi utaukaza kwa skrubu. Mwenye jiko naye atauliza samaki wake afungwe na nini.

Bandika shaba sakafuni mwa shimo na kutani, uipandishe kidogo kwenye ukingo ili iguse ile utakayoibandika nyuma ya bamba. Bila mguso huo umejenga nyumba isiyo na paa. Kingo za shaba zinakata vidole, tena vidole vilevile vya kubania nyuzi. Kisha jihadhari na jambo moja: ncha ya waya wa sauti ikigusa shaba, sauti yote inaishia kwenye ethi. Hapo gitaa halivumi kabisa. Halilii pia. Wengi hufurahia mafanikio hayo kwa dakika nzima kabla ya kupiga uzi wa kwanza. Kipande cha utepe wa plastiki wa mafundi umeme pale kwenye tundu la jeki kingewaokoa.

Kelele za gitaa ziko za aina mbili, na watoa ushauri hupenda kuzichanganya. Iko ile ya kukwaruza, inayotoka kwenye taa na chaja, ambayo hupungua ukigusa nyuzi kwa kiganja. Hiyo shaba inaizuia, na inaizuia vizuri. Iko na ile nzito ya transfoma, ambayo ni ya kisumaku. Hiyo hupita kwenye utepe wa shaba kana kwamba haukuwepo. Ubandike tabaka tatu, itapita. Dawa yake ni kugeuza kiti. Zunguka polepole na gitaa mapajani, utafika upande ambapo mvumo unakaribia kufa, ubaki hapohapo. Ni bure, na ndiyo maana hakuna anayeisifia. Dawa nyingine ni kukatika kwa umeme, ambayo nayo ni bure.

Tuje kwenye nyaya. Chuma cha kulehemu kiwe na nguvu ya kutosha, maana mgongo wa volyumu ni bati pana linalokunywa joto. Ukitumia kichuma dhaifu utakishikilia hapo hadi volyumu yenyewe iungue, na lehemu itabaki na madonge ya rangi ya kijivu yasiyoshika kitu. Volyumu mpya iwe ya kiloohmu 250. Ya 500 ni ya zile koili pacha za Lover, na kwenye Stratocaster itafanya sauti iwe kali.

Kapasita ya toni ndiyo uwanja wa matajiri. Kuna watu wanaotoa fedha nyingi kwa kapasita kuukuu za karatasi na mafuta, wakiapa kwamba zina utamu. Chukua ya bei ndogo yenye mikrofaradi 0.022 au 0.047, uifiche ndani, ufunge bamba, uwaambie ni ya miaka ya hamsini. Wataisikia.

Ukigeuza nyaya mbili za pikapu moja, ukiichanganya na nyingine sauti inakuwa nyembamba, ya puani. Usifadhaike. Les Paul ya 1959 ya Peter Green wa Fleetwood Mac ilijulikana kwa sauti ya namna hiyo, kwa sababu sumaku ya pikapu moja ilikuwa imegeuzwa. Sema ulikusudia.

Kuna mahali pamoja pasipo na mzaha. Upo waya unaoziunganisha nyuzi na ethi kupitia springi za nyuma. Urudishe. Kisha tazama ukutani, na ile tabia yetu ya kuingiza kijiti au kalamu kwenye tundu la juu la soketi ili plagi ya miguu miwili ikubali kuingia. Amplifaya iliyoundwa kwa plagi ya miguu mitatu ikichomekwa hivyo imenyang'anywa ethi, na nyuzi mkononi mwako zimeungana nayo. Leslie Harvey, mpiga gitaa wa Stone the Crows, alikufa jukwaani Swansea mwaka 1972 kwa kugusa maikrofoni isiyo na ethi. Utepe wote wa shaba duniani haufidii mguu mmoja wa plagi.

Mengine yote yanarekebishika, na fundi redio wa mtaani kwenu ameona mabaya zaidi. Mpelekee gitaa, usimdanganye kwamba lilikuja hivyo. Na kama una harusi ya kupiga Jumamosi, tafadhali anza kazi hii Jumapili.