Ghorofa za Ubungo

Sisi wa Makurunge njia panda tunaijua: huku Bagamoyo, kule Saadani, na ng'ombe akisimama katikati unamsubiri mpaka aridhike. Juzi nikashusha nazi Mwenge, nikaambiwa zilizobaki nizipeleke Buguruni. Nikaishika Sam Nujoma na kenta yangu hadi Ubungo.

Jamani, pale pamejengwa! Barabara zimepandiana ngazi tatu kama sahani za hitima. Daraja lilizinduliwa Februari 24, 2021, likapewa jina la Mhandisi John Kijazi, Katibu Mkuu Kiongozi aliyefariki siku saba kabla. Nilipita bila kugusa breki. Utingo hakumaliza hata kusema "tumefika Ubungo", tulishatoka.

Nikaingiwa na huzuni. Enzi za mataa nilikuwa nanunua pale maji, karanga, soksi, chaja na ramani ya Tanzania. Siku moja nilinunua hanga sita, na mashati ninayo matatu. Foleni ilikuwa duka, tena duka linalokufuata dirishani. Sasa mtu unapaa juu kwa juu, koo kavu, na hela mfukoni.

Sikuhuzunika sana. Mbele kidogo nikaikuta foleni imetulia inanisubiri, kama mdai aliyeambiwa kuna mlango wa nyuma. Muuza maji naye yupo, ndoo begani.

"Mzee wangu, leo umechelewa!"

Nikampa shilingi 500. Maji yenyewe yalikuwa ya moto.