Ustaafu wa Mpiga Inanga

Mpiga inanga wa Nyakisasa, wilayani Ngara, hastaafu kwa barua wala kwa kiinua mgongo, bali hustaafu siku vijana wa kikundi wanapoleta kinanda cha umeme na kumkalisha karibu na spika, mahali ambapo hata yeye mwenyewe hajisikii. Inanga ni ala inayochongwa kwa kipande kimoja cha mti, mfano wa sinia refu lenye kingo, na hupatikana, kwa majina yanayokaribiana, mkoani Kagera, Rwanda na Burundi. Jambo linalostahili kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa ndilo chimbuko la fedheha nyingi, ni kwamba nyuzi zake zinazoonekana nyingi kwa kawaida ni uzi mmoja tu, zamani wa kano za ng'ombe na siku hizi hata wa nailoni, unaopitishwa huku na huku katika meno ya ncha zake mbili. Kwa hiyo mpiga banjo wa blugrasi, muziki wa nyuzi uliopewa sura na Bill Monroe wa Kentucky katika miaka ya 1940, akikatikiwa na uzi mmoja kati ya nyuzi tano hubakiwa na nne za kumalizia wimbo, ilhali mpiga inanga hubakiwa na ubao na macho ya wakwe. Hapo humlazimu kufunga fundo mbele ya hadhara na kukaza upya mstari baada ya mstari, huku mshereheshaji akitangaza kwamba burudani inajiandaa, hadi pilau inakwisha.

Ng'ambo ya mpaka, nchini Burundi, upo mtindo ambao mwimbaji hunong'ona maneno na inanga ikabeba mahadhi kwa niaba yake. Ni sanaa ya wasikilizaji wachache waliosogeleana, na kuipeleka kwenye harusi yenye jenereta ni kuionea. Lakini kamati ikishaandika "burudani ya asili" katika ratiba, nani atabisha?

Malipo nayo yana mkasa wake. Rubisi, yaani pombe ya ndizi, hutangulia kazi kwa heshima ya uzee, fedha huahidiwa baadaye, na mweka hazina huwa hodari wa kuondoka mapema. Mzee hupewa kuku, na kwa kuwa mikono ni miwili tu, humfunga juu ya inanga, naye kuku hukwaruza uzi njia nzima mpaka nyumbani, akisikika vizuri kuliko mwenye ala alivyosikika harusini.