Siku Mabehewa Yalipoanikwa

Mama aliwasili St. Paul, Marekani, mwezi wa Januari na mabegi mawili, moja la nguo na moja la viungo. Siku tatu alikuwa akiitazama rafu iliyo juu ya kochi bila kusema neno. Siku ya nne akasema, "Mwanangu, mali huwekwa na vumbi hivi?"

Mali yenyewe ni mabehewa 46 ya mizigo ya kipimo cha N, ambacho hupunguza kila kitu mara 160. Behewa la Kimarekani la futi 40, lile lililofungwa pande zote na lenye mlango wa kusukuma ubavuni, huwa na urefu wa milimita 76 hivi. Ukilifumbata halionekani. Reli zake huachana milimita 9. Mama alipoziona alisema ni pana mno, na jicho lake lilikuwa sahihi: reli alizozizoea kule Changamwe zimeachana mita 1, na kwa kipimo hiki zingekuwa milimita 6 na robo tu.

Nimekulia kando ya reli hizo. Baba alikuwa karani wa mizigo, kwanza katika reli ya Afrika Mashariki, kisha, jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, katika reli ya Kenya. Jioni alirudi na daftari lenye safu nne: namba ya behewa, litokako, liendako, mzigo. Tarakimu nilizijulia kwenye daftari lile kabla sijaingia darasani. Leo naishi katika mji uliokuwa makao makuu ya Great Northern hadi mwaka 1970, reli hiyo ilipoungana na wenzake ikawa Burlington Northern. Siku nilipoliona dukani behewa dogo lenye nembo ya reli hiyo, yule mbuzi wa milimani, na namba ubavuni ya kusomwa kwa kioo cha kukuzia, mikono ilinitetemeka.

Mke wangu huniuliza, "Si lile lile ulilonunua mwezi jana?" Silo. Rangi ni ile, umbo ni lile, namba ni nyingine. Watengenezaji hutoa behewa la aina moja kwa namba kadhaa makusudi, maana treni ya kweli haina mabehewa mawili yenye namba moja. Tena behewa la Marekani halikai kwao. Likipakiwa huku, huvutwa juu ya reli za kampuni hii na ile mpaka mzigo ufike, ndipo treni moja ikabeba rangi na majina ya nchi nzima. Kwangu hakuna jambo zuri kuliko hilo katika reli za huku, na ndilo ninalolikusanya.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa kazini. Mama aliyateremsha yote, akayaosha kwenye karai la maji ya vuguvugu na sabuni. Kuosha hakukuwa kosa. Mimi mwenyewe huyaosha vivyo hivyo, na hakuna herufi iliyobanduka. Taabu ilikuwa jua. Kwetu kilichooshwa huanikwa, na jua la Januari hapa huangaza tu, halikaushi kitu. Akatandika kanga juu ya zulia la sebuleni, akayapanga kwa mistari. Kumi na mawili yalikosa nafasi. Akayatia kwenye trei, akayaingiza kwenye oveni, moto mdogo.

Plastiki ya mabehewa hayo hulegea inapokaribia nyuzi joto 100, na moto mdogo wa oveni yetu huzidi hapo. Nilipofungua mlango, harufu ilinipokea kabla ya salamu. Matatu ya katikati ya trei yalipona. Tisa yalikuwa yamepinda: matangi yamebonyea, na moja la kufungwa, la Great Northern, limejikunja kama ng'onda, yule mbuzi bado amesimama juu ya jabali lake.

Nilipiga ukelele. Mke wangu, aliyekuwa amelala baada ya zamu ya usiku, akatokea sebuleni gizani, akaona kanga ya mkwewe imetupwa chini. Akaiokota kwa adabu, akaikung'uta.

Mabehewa zaidi ya 30 yalipiga ukuta, dirisha na televisheni, kisha kukawa kimya.

Tuliwasha taa zote. Zulia letu ni la manyoya marefu, na nilijua tukitambaa ovyo tutayaponda kwa magoti. Hapo nikakumbuka viungio. Kila kiungio kina kijiti cha chuma kinachoning'inia chini, ili sumaku iliyofichwa kwenye reli ikivute na kuyaachanisha mabehewa bila kuguswa kwa mkono. Nikabandua sumaku zote za mlango wa friji, nikampa mke wangu mbili, nami nikachukua tatu. Tulizipitisha juu ya manyoya taratibu, kama watu wanaochambua mchele, na kila baada ya muda kitu kilisema *tiki*: kiungio kilichong'oka, au behewa zima likaegemea sumaku kwa pua. Mke wangu ndiye aliyepata mengi. Alikuwa akinisomea namba moja moja, nami natia alama kwenye daftari langu la mabehewa. Miaka yote ile hakuwahi kuzisoma.

Saa tatu usiku tulikuwa na 33. Lilikosekana behewa moja la wazi.

Mama alikuwa jikoni muda wote huo, ameshika tama. "Nimekuharibia kazi ya baba yako," alisema, na sauti yake iliniuma kuliko oveni. Nilimwambia hakuharibu. Tisa yale sijayafuta daftarini, nayo yako kwenye rafu pamoja na wenzake.

Kisha akainuka, akaleta kisahani. Juu yake palikuwa na lile behewa la wazi, limejaa mchele hadi ukingoni. Kwa kipimo kile kila punje ni gogo la zaidi ya mita 1.

"Hili sikulianika," alisema. "Arubaini na sita, na yote yanakwenda matupu. Nikalipakia."

Akaniomba daftari. Langu lina safu tatu: namba, kampuni, siku niliyonunua. Akaweka kidole pembezoni.

"Na mzigo?"

Nikachora safu ya nne kwa rula. Nikaandika: mchele.