Ulezi wa Mama, Mchicha wa Wifi

Wakwe wawili wakikutana kwenye jiko moja, moshi haukosi. Kwetu Kihonda, Morogoro, moshi huo ulianza siku mwanangu wa miaka mitatu alipopimwa damu kliniki ikaonekana imepungua. Muuguzi alitupa dawa ya maji yenye madini ya chuma, akasisitiza tusiikatize, kisha tukiwa mlangoni akaongeza: "Na chakula chake mkiangalie." Neno hilo la mwisho ndilo lililoingia nyumbani likazua vita.

Mama yangu mzazi alikuwa amekuja kututembelea kutoka Rombo. Kwao ulezi ni pombe ya mbege ya sherehe na ni uji wa mzazi na mtoto, na hasafiri bila kufunga kiasi kwenye mzigo wake. Aliposikia habari ya kliniki alifungua mfuko papo hapo. "Mtoto ni uji wa ulezi," alisema. "Wewe mwenyewe nimekukuza nao."

Wifi yangu, aliyekuja kutoka Tanga kutafuta kazi, alimjibu kwa adabu lakini bila kurudi nyuma. "Mama, naomba unisamehe, damu inaletwa na majani. Mimi nitampikia mchicha wa nazi kila siku, na mtaona wenyewe."

Baba mkwe alikuwa uani, juu ya kigoda chake, birika la chai ya rangi likiwa pembeni. Aliulizwa aamue. Alisema wote wawili wana haki, akamimina chai.

Wifi alichukua simu akatafuta majedwali ya lishe, na takwimu za kwanza zikamwangukia Mama. Gramu 100 za ulezi zina chokaa, yaani kalsiamu, kama miligramu 350. Hakuna nafaka nyingine iliyozoeleka inayoufikia. Mchicha mbichi wa uzito huohuo una kama 215. Madini ya chuma, ulezi una kama miligramu 4, mchicha 2.3. Mama alipiga kofi moja la furaha, akaenda kuinjika uji.

Ila Wifi ni mtu wa kufikiri. Jioni ile aliazima mizani ya jirani muuza dagaa, akaiweka katikati ya jiko. "Mama, hakuna anayelamba unga mkavu. Tupime kinachoingia kwenye kikombe." Walipima. Kikombe cha mtoto kilichukua unga kama gramu 30, yaliyobaki yalikuwa maji. Katika unga huo chokaa ni kama miligramu 105, na chuma hakifiki miligramu moja na nusu. Kisha akapima gramu 100 za majani ya mchicha, akayapika, yakanywea hadi yakabaki ya kujaa kiganja. Mtoto anaweza kuyamaliza kwa mlo mmoja, na miligramu zake 2.3 za chuma zimo humohumo. Jedwali lilikuwa limelinganisha kitu kikavu na kitu ambacho zaidi ya sehemu 90 katika 100 ni maji. Mezani, mambo yaligeuka.

Mama hakukubali kulala ameshindwa. "Basi mlishe mchicha peke yake tuone kama atacheza," alisema, na hapo alikuwa amegusa jambo la kweli. Gramu 100 za mchicha zina kilokalori 23 tu. Mtoto wa miaka mitatu anahitaji kama 1,000 kwa siku, maana yake angelazimika kula zaidi ya kilo nne za majani. Kikombe kimoja cha uji kinampa kama 100. Nafaka ndiyo inayompa nguvu ya kukimbia na kukua, na mboga haiwezi kuibeba kazi hiyo.

Kuanzia hapo kila mmoja alichimba zaidi, nami nilijifunza mengi kwa kuwasikiliza. Wifi alisoma kwamba ulezi una fitati na tanini, vitu vinavyoyashika madini ya chuma tumboni yasiingie kwenye damu. Mama alijibu kwamba kwao ulezi huoteshwa: unalowekwa usiku kucha, unachujwa, unafunikwa kwa kitambaa chenye unyevu mpaka uchipue, ndipo unaanikwa na kusagwa. Ndicho kimea kinachotengenezewa mbege. Alikuwa sahihi kuliko alivyojua. Nafaka inapochipua huamsha vimeng'enya. Baadhi huvunja fitati, vingine huvunja wanga, na uji unakuwa mwepesi hata ukiongezwa unga. Mwaka 1983 watafiti Mosha na Svanberg waliandika kuhusu jambo hilihili: kwa kimea, kikombe kilekile cha mtoto hubeba chakula kingi zaidi. Wazee wa mbege walikuwa na ufundi huo mikononi zamani.

Mama naye akausaka udhaifu wa mchicha akaupata. Majani hayo yana oksalati, ambayo huikamata chokaa ikatoka mwilini bila kutumika, kwa hiyo zile miligramu 215 zisihesabiwe zote. Lakini mchicha una vitamini C, kama miligramu 43 katika gramu 100 za majani mabichi, na vitamini hiyo huyafungulia njia madini ya chuma ya mimea. Ulezi mkavu karibu hauna kabisa. Rangi ya kijani ya mchicha huficha pia karotini, inayogeuka vitamini A mwilini, nayo huhitaji mafuta ili ifyonzwe. Tui la Wifi hufanya kazi hiyo, na karanga pia.

Kwa hoja, walikuwa wamefikia mahali pazuri. Kwa vitendo, nyumba ilikuwa inaungua. Mama aliotesha kimea kizuri, akakianika kwenye jamvi uani. Kuku wa jirani walipita chini ya ua, wakala karibu nusu, na mvua ya ghafla ikanyeshea kilichobaki. Kikaanza kuota ukungu, na nafaka yenye ukungu haipewi mtoto, kwa hiyo Mama alikimwaga chote machozi yakimlengalenga. Kesho yake, akiwa na uchungu bado, aliinjika uji mapema. Wifi alirudi sokoni na mchicha, akakuta jiko la mkaa limeshikwa, akaepua sufuria ya uji ili abandike yake. Mama akaepua ya Wifi akarudisha uji. Zamu hizo ziliendelea mpaka uji ukabaki mbichi katikati na kushika chini, mchicha ukaiva kupita kiasi, tui likakatika. Mtoto hakula chochote mchana ule. Alifuata njia aliyoizoea: alikwenda uani kwa babu yake, akanyweshwa chai ya rangi kwenye kisosi.

Tuliporudi kliniki, Mama na Wifi waliandamana nami, kila mmoja akitaka neno la mwisho. Muuguzi aliwasikiliza wote wawili, kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyelitegemea: "Mtoto akishakula, anakunywa nini?" Nilimtajia kile kisosi. Akaeleza kwamba chai ikinywewa pamoja na chakula hupunguza sana madini ya chuma yanayofyonzwa, yawe ya ulezi au ya mchicha. Njia nzima kurudi nyumbani wale wawili hawakubishana.

Baba mkwe alipoambiwa alisimama. Yeye ndiye aliyehamisha birika lake likawa la saa kumi, mbali na milo, na kisosi cha mjukuu akakijaza juisi ya chungwa. Mama aliotesha kimea kipya, safari hii juu ya paa la banda, Wifi akikilinda na fimbo. Asubuhi mtoto anakula uji wa kimea na kipande cha papai. Mchana ni ugali au wali na mchicha usiopikwa sana, wenye tui au karanga, na ndimu inakamuliwa ukishaepuliwa. Dawa haikukatizwa. Alipopimwa tena damu ilikuwa imepanda, na muuguzi alisema dawa ndiyo iliyofanya kazi kubwa, chakula kinailinda isishuke.

Ninaamini kabisa kwamba swali la ulezi au mchicha linawanyima watoto wetu haki yao. Jedwali linapima chakula kikiwa peke yake, na hakuna mtoto anayekula hivyo. Anakula kilichotayarishwa na mikono fulani, kwa namna fulani, pamoja na vitu vingine. Nafaka inampa nguvu na chokaa, jani linampa vitamini zinazoyafikisha madini ya chuma kwenye damu, na ufundi wa kuotesha, kutia mafuta na kukamua ndimu unakamilisha kazi. Ufundi huo umo vichwani mwa mama na mashangazi walio majumbani mwetu. Kabla ya kuwauliza nani kashinda, tuwape jiko la pili.