Chaja Iliyoapa Kuvumilia

Geuza chaja, rauta au runinga yoyote inayouzwa Isiolo usome maandishi madogo ya nyuma, yale yanayotaka macho ya mwewe. Mara nyingi utakuta kiapo cha sehemu mbili: kifaa hiki hakitaleta mwingiliano wa mawimbi wenye madhara, na kitakubali mwingiliano wowote kitakaoupata, hata ule utakaokifanya kifanye kazi ndivyo sivyo. Sehemu ya kwanza ni ya muungwana. Ya pili ni nasaha ya shangazi kwa bi harusi: ukiudhiwa, nyamaza. Wachache wanaoyasoma maneno hayo huyadhania cheti cha ubora, kumbe ni ungamo la maskwota. Kifaa kinakiri kwamba hewani hakina hata ploti. Wenye hatimiliki ni vituo vyenye leseni, na chenyewe kinapita tu, kimeshika adabu.

Kiapo hicho kilitungwa na Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano ya Marekani, iliyoundwa 1934, na hapo mbishi wa mtaa wa Bulla Pesa atauliza: sheria ya Washington inanihusu nini? Haimfungi, kweli. Lakini Kenya ina Sheria ya Habari na Mawasiliano ya 1998, na Mamlaka ya Mawasiliano ndiyo inayogawa masafa na kuidhinisha vifaa vya mawasiliano. Na hata sheria zote zingefutwa kesho, mkwaruzo wa redio ungebaki palepale. Chaja, sawa na inveta na balbu nyingi za sola, hukatakata umeme makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde. Kukatakata huko huzaa mawimbi, na waya wake hugeuka antena. Chaja nzuri huwa na kichujio cha kuyazuia. Katika chaja ya bei ya kutupa, kichujio ndicho cha kwanza kuachwa, ila kiapo hakiachwi, kwa kuwa wino ni rahisi kuliko shaba.

Basi saa moja usiku taarifa ya habari inaanza, balbu ya sola inawashwa, na redio inaanza kukaanga vitunguu. Mzee anaipiga kofi. Anaigeuza ielekee Meru, kisha Marsabit. Analaumu kituo, halafu mawingu (na ni kiangazi), halafu serikali, ambayo haikosi kuwa kwenye orodha. Juu ya kichwa chake balbu inang'aa kwa utulivu wa shahidi aliyekwisha kuapa. Spika nazo zina kisa chao: ile titi-titi-titi inayosikika kabla simu haijaita ni simu inayozungumza na mnara kwa mapigo kama 217 kwa sekunde. Spika haijaharibika. Imeahidi kukubali kila kitu, nayo inakubali.

Kuna atakayesema siku hizi watu husikiliza FM, nayo haikwaruzi ovyo. Ana hoja: sauti ya FM husafiri ndani ya mabadiliko ya masafa, ilhali kelele za chaja huvuruga zaidi nguvu ya wimbi. Tatizo ni kwamba FM haiendi mbali, kilima kimoja tu kinatosha kuinyamazisha. Ukiuacha mji ukaelekea Merti, unabaki kutegemea masafa ya kati na mafupi, ambayo ndiyo hasa huliwa na kelele. Na huko mbali na minara ndiko pia mbali na nyaya za stima, kwa hiyo ndiko sola iliko. Redio inayoumia kwa urahisi na inveta ya bei rahisi zimekutanishwa nyumba moja, mara nyingi meza moja.

Dawa haihitaji fundi. Tia redio betri za mawe, kisha zima kimoja kimoja: chaja, inveta, balbu. Kile ambacho kikizimwa redio inatulia, ndicho chenye hatia. Kisogeze hatua tatu au nne kutoka kwenye redio, au kizime hadi taarifa iishe. Na redio isipigwe tena makofi, mzee wangu. Yenyewe ilikuwa inatimiza ahadi.